Kava Lililoita Nyuki

Esperansi Nduwimana haamki na hasira, anazikuta kazini. Ndivyo asemavyo mwenyewe, na wanaofanya kazi naye kwenye baraza moja huko Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, hawambishii. Asubuhi ya kwanza nilipompelekea begi langu lililokatika mkanda aliligeuza mara mbili, akalinusa, kisha akauliza ni mpumbavu gani aliyeushona mkanda ule kwa uzi wa kushonea mashati. Nikamwambia ni fundi mmoja wa Bujumbura.

"Basi ni wa kwetu," alisema. "Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Anashona vitu vizito: viti vya mabasi, paa za bajaji, mahema ya misiba, turubai za malori yanayobeba tumbaku. Kazi hii nimeiona ikifanywa katika bandari na vituo vingi vya njiani, na karibu mafundi wote niliowakuta walikuwa watu wapole, kwa sababu ukilikasirikia turubai sindano inavunjika. Esperansi huvunja sindano tatu kwa wiki. Ana miaka hamsini na saba, mabega mapana, na miwani ambayo mkono wake mmoja ni waya. Jirani yake barazani ni Shaban, fundi baiskeli, kijana wa Kinyamwezi ambaye hawezi kukaa kimya, na humwita Mama Levina kwa jina la mwanawe.

"Mama Levina, hiyo sindano ni ya pili leo, na chai hatujanywa."

"Funga mdomo kama unavyofunga hizo spoku."

"Spoku hazifungwi, mama. Zinakazwa."

"Basi ukaze!"

Nilikuwa nangoja treni ya Kigoma, na treni ile ilichelewa siku hadi siku, kwa hiyo nilikaa pale barazani zaidi kuliko nilivyokusudia. Ndivyo nilivyopata kuyaona haya, na mengine nilisimuliwa na yeye mwenyewe.

Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa na miaka sita, ameshika shati la baba yake, mzee Nibitanga. Waliletwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi kwenye msitu ambao ulikuwa bado haujakatwa, wakapewa hema. Hema lilivuja. Masika ya kwanza walikaa usiku kucha wameshika sufuria na karai chini ya matone. Mzee Nibitanga alikuwa mfuga nyuki tangu kwao, na alipopata mizinga yake ya kwanza hakuuza nta. Aliiyeyusha na mafuta kidogo, akalipaka hema lote, ndani na nje, kwa kitambaa. "Tukalala wakavu," Esperansi anasimulia, "jirani zetu wakalala kwenye tope. Asubuhi wakaja kutuangalia kama watu waliolala hotelini." Alipofika miaka minane alikuwa anaziba mahema ya wenzao kwa sindano ya gunia. Hakuenda shule zaidi ya darasa la nne. Alipokuja mjini kuolewa, alikuja na ufundi huo na chuki moja kubwa: hawezi kuvumilia kitambaa kinachopitisha maji.

Ana cheti cha uraia. Alikingoja miaka karibu arobaini, na amekifunga kwenye nailoni mbili ndani ya sanduku. Pamoja na hayo, miaka michache iliyopita, walipogombania foleni ya maji bombani, mtu mmoja alimwita mkimbizi mbele ya wanawake wote. Mtu huyo ni Yahaya, mkazi wa mtaa wa Cheyo, mwenye gari jeupe la kubeba maharusi. Esperansi hajamsamehe. Wakipishana njiani anaitikia salamu yake kwa kukohoa.

Sasa tufike kwenye gari jingine, lile jekundu.

Lenyewe ni la Egidi, mpambaji wa harusi, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Yahaya. Ni gari la zamani la milango miwili, na paa lake ni la kitambaa kizito. Ukifungua vishikizo viwili mbele unalikunja lote nyuma kama mwavuli, na bibi harusi anasimama, shela linapepea, mji mzima unamwona. Tabora hakuna la pili. Tangu Egidi alilete kutoka Dar es Salaam, maharusi wa Katoliki, wa Moraviani na wa msikitini wote wanalitaka hilo hilo, na gari jeupe la Yahaya likabaki kubeba mashangazi.

Lakini paa la kitambaa si la kuacha juani Tabora. Jua la hapa linapausha hata rangi ya milango. Kuna vumbi, kuna ndege, kuna utomvu wa miembe. Egidi aliona hayo, akafanya kama afanyavyo kila mtu katika nchi ya tumbaku anapotaka kuhifadhi kitu: alilifunika kwa nailoni nyeusi ya shambani na kulizungushia kamba. Kila Jumapili, baada ya harusi, alikuwa analiosha kwa sabuni nyingi na kulifunika hapo hapo, maji yakiwa bado yanachuruzika.

Esperansi aliitwa kuziba tundu dogo karibu na kioo cha nyuma. Egidi alipoivua nailoni, harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni ikatoka. Paa lilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na pale kamba ilipopita, kitambaa kilikuwa kimelika hadi nyuzi zinaonekana.

"Nani kakufundisha hivi?" aliuliza Esperansi.

"Kufundishwa nini, mama? Si nimelifunika?"

"Umelipika! Umelifunga na maji yake, ukaliweka juani kama ndizi kwenye majani. Wewe ukitoka kuoga unajifunga nailoni?"

"Mama, punguza sauti, majirani."

"Majirani waje waone! Kitambaa kinapumua, Egidi. Kikikosa pumzi kinaoza. Unaosha, unafuta, unaacha kikauke kabisa, hata chini ya pindo. Vumbi unalipangusa kwanza, maana ukifunika juu ya vumbi kava linakuwa msasa. Na kamba sitaki kuiona."

Akakataa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alipima gari zima kwa futi yake ya kitambaa, akashona kava la turubai la pamba, ndani akaliwekea flana laini ili lisikwaruze, pembeni akatia mpira wa kushika chini ya bampa. Lilikaa vizuri sana. Shaban alisema gari limevaa kanzu. Kwa wiki sita ukungu haukurudi.

Kisha zikaja mvua za kwanza za Novemba, na Egidi akaja barazani analalamika. Kava linapitisha maji. Si mengi, unyevu tu, lakini yeye alikuwa anataka kitu cha kuzuia maji. Fundi mwingine angemjibu kwamba unyevu kidogo unaokauka ni afadhali kuliko ukungu, tena Esperansi mwenyewe alikuwa ameyasema hayo hayo. Lakini neno "linavuja" lilimgusa pale pabaya. Alikasirika, akamnyang'anya lile kava, akaagiza madonge mawili makubwa ya nta kutoka Kigwa, kwa njia ya reli. Akaiyeyusha na mafuta kama baba yake, akaipaka, akaizamisha kwenye nyuzi kwa pasi ya mkaa. Siku mbili baraza zima lilinukia asali. Egidi alilichukua Jumatatu. Tone la maji likidondoka juu yake liliviringika kama shanga.

Hapa inafaa nimweleze msomaji ambaye hajaishi kwenye misitu hii jambo ambalo kila mtoto wa Ulyankulu na Uyui analijua. Mfuga nyuki akichonga mzinga mpya hautundiki hivi hivi. Anaupaka nta ndani kwanza. Nyuki wanaohama wanainusa kutoka mbali, wanajua kwamba hapo paliwahi kuwa na wenzao, wanaingia. Mzinga wenye giza, mkavu, wenye tundu dogo la kupitia, unaonukia nta: hakuna kundi linaloupita. Esperansi alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini alipokuwa na pasi mkononi alikuwa fundi turubai, hakuwa binti wa mfuga nyuki, na hema la baba yake lilikuwa na watu saba na moto wa kuni ndani. Hakuna nyuki ambaye angekaa humo.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, mwendesha bodaboda alisimama mbele ya baraza bila kuzima pikipiki.

"Mmesikia ya Cheyo? Egidi kavua kava aoshe gari la harusi ya kesho, nyuki wakamtokea! Wamo ndani ya paa, wengi kama mvua. Uso umekuwa boga. Mbuzi aliyefungwa pale amekufa."

Shaban alipiga kelele ya mshangao. Mimi nilikuwa namwangalia Esperansi, kwa sababu mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani. Aliinua mkono wake wa kulia karibu na miwani, akatazama chini ya ukucha wa kidole gumba, ambako kulikuwa na mstari wa njano wa nta. "Mana yanje," Mungu wangu, alisema kwa Kirundi, polepole, na Kirundi chake hukisikii barazani. Kisha akaurudisha mguu, akaendelea kushona.

Kama angesema wakati ule kwamba nta ndiyo iliyowaita, mkosi ungekuwa wa gari moja na mbuzi mmoja. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nami nilikuwa pale, nikaona ule ukucha, na sikuuliza.

Jumamosi bibi harusi alihitaji gari. Familia ikamwendea Yahaya, Yahaya akaja na gari lake jeupe limepigwa maua, akambeba. Angefanya nini, akatae? Lakini Cheyo walikuwa wameshaanza kuhesabu. Gari jekundu limelala uani miaka mitatu, nyuki hawajawahi kulijia. Wamekuja siku moja kabla ya harusi. Na nani anambeba bibi harusi? Katika nchi hii nyuki hutumwa, ndivyo watu wanavyoamini, na anayewatuma ni yule anayefaidika. Saa tano, Yahaya alipokuwa anatoka nyumbani kwenda kanisani, mkewe Shamimu akimfungulia geti, mawe yalirushwa kutoka nyuma ya ukuta. Mengi yaligonga bati. Moja lilimpata Shamimu juu ya jicho. Alishonwa nyuzi tano.

Habari hiyo nayo ilifika barazani, na ni Shaban aliyeileta.

"Wamempiga mke wa Yahaya. Wanasema atoke mtaani na nyuki wake."

"Yahaya ana mdomo mchafu," alisema Esperansi bila kuinua kichwa.

"Mdomo ndiyo, mama. Lakini jiwe kapigwa Shamimu."

"Nimesikia!" Na sindano ikavunjika.

Jumapili saa kumi jioni mwenyekiti wa mtaa, Justus, mwalimu mstaafu mwenye sauti ndogo, aliita mkutano nje ya nyumba ya Egidi. Yahaya hakuwepo, alikuwa amejifungia ndani na mkewe. Gari jekundu lilikuwa uani nyuma ya ukuta, na mngurumo wa nyuki ulikuwa unasikika hadi barabarani. Watu walikuwa zaidi ya mia. Esperansi alitoka misa akiwa na kitenge chake cha kanisani, akaja na kusimama nyuma. Mkononi alikuwa na mfuko wa rambo.

"Ndugu zangu," alisema Justus, "tusichukue sheria mkononi. Nyuki ni wadudu."

"Wadudu hawana kadi ya mwaliko, mwenyekiti!" alipaza sauti mtu mmoja. "Hawa wamejuaje siku ya harusi?"

Watu walicheka, na kicheko chao hakikuwa kizuri. Egidi alisimama, jicho moja limezibwa na uvimbe. "Mimi simtaji mtu. Nauliza tu. Kesho yake nani alimbeba bibi harusi?"

"Yahaya!"

"Nani alikuwa ananionea wivu?"

"Yahaya!"

"Basi na ahame leo!" alisema mwingine, na vijana waliokaa kwenye ukuta wakashuka wote kwa pamoja. Nimewahi kuona watu wakishuka ukutani namna ile katika miji mingine, na sikupenda nilichokumbuka.

Esperansi alipenya katikati akiwasukuma kwa mabega. "Nyinyi ni wajinga," alisema. "Wajinga wa kuzaliwa, na wengine mmejiongezea."

"Mama Levina, kaa chini. Mambo haya hayashonwi kwa cherehani."

"Nani hapa ana mizinga? Inueni mikono. Msinitazame hivyo, inueni!"

Mikono kama kumi na tano ilipanda. Akamwendea mzee mmoja aliyevaa koti la mvua. "Shikamoo, mzee. Mzinga mpya unaufanya nini kabla hujaupandisha mtini?"

"Marahaba. Naupaka nta, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Nyuki wanuse, waje."

Esperansi alitoa kwenye mfuko kipande cha turubai, masalio ya lile kava, akambandikia mzee puani. "Nusa."

Mzee alinusa. Akanusa tena, akampa aliye karibu naye. Kipande kilipita kutoka mkono hadi mkono, na ukimya ukawa unakifuata. Walikuwa watu wa msituni wote hawa, hata wenye viatu vya mjini, na pua zao zilikuwa zinajua.

"Nani alipaka nta?" aliuliza Justus.

"Mimi. Kwa mkono wangu, kwa pasi ya mkaa. Nimemtengenezea Egidi mzinga wenye magurudumu manne. Yahaya hakutuma hata inzi. Mnanisikia? Hata inzi! Na mwanaume aliyempiga mwanamke jiwe nyuma ya ukuta aje hapa mbele, anipige na mimi, maana mkosaji ndiye mimi."

Hakuna aliyekwenda. Kwanza walicheka, wengine mpaka wakashika magoti. Kisha kicheko kikageuka. Mtu alisema kumbe ni mkimbizi ndiye anayeleta balaa. Mwingine akasema asipewe kazi tena mjini hapa.

"Nina cheti cha uraia," aliwajibu. "Nyinyi hamna hata akili, na hiyo haiombwi wilayani."

Egidi alikuwa amemkaribia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama, ulijua tangu lini?"

Esperansi alijifunga kitenge upya na kuomba kopo, kinyesi kikavu cha ng'ombe na kapu lenye mfuniko.

Aliingia uani peke yake, na mzee wa koti la mvua akamfuata bila kuitwa. Walifukiza moshi chini ya paa mpaka mngurumo ukashuka. Nyuki walikuwa wamepenya chini ya kava, wakaingia garini kwa dirisha lililoachwa wazi kidogo, wakapita kwenye lile tundu la karibu na kioo cha nyuma, ambalo alikuwa ameliziba nje akaacha upenyo kwenye kitambaa cha ndani, na walikuwa wameshajenga masega madogo kati ya paa na kitambaa hicho. Egidi, akichungulia getini, alimsihi asilikate paa. "Silikati," alifoka, "nalifumua." Na kwa wembe, huku nyuki wakitembea juu ya vidole vyake, alitoa nyuzi moja moja kwenye mshono wa kiwandani, kutoka pembe hadi pembe. Alichomwa mara kumi na moja. Mzee alimwona malkia, akamtia kapuni, na wengine wakamfuata kama maji yanayoteremka. Jua lilikuwa halijazama mzee alipoondoka na kapu kichwani kwa njia ya Ujiji, akitembea katikati ya barabara, na bodaboda zikimpisha.

Jumatatu Esperansi hakufungua kazi. Alikwenda Cheyo, kwa Yahaya. Yaliyotokea huko alitusimulia baadaye, mimi na Shaban, kwa mikono iliyovimba, kana kwamba anagombana nasi.

Alipiga hodi, akakaribishwa. Shamimu, bandeji juu ya jicho, alimletea kigoda na kikombe cha chai. Yahaya alikaa mbele yake, na alikuwa kama mtu aliyepungua mwili kwa siku mbili.

"Mama Levina," alisema Yahaya, "mimi na wewe hatupatani. Lakini jana umesimama mbele ya watu wote ukajitaja. Ningekuwa mimi, sijui. Nakushukuru. Na lile neno la bombani, naomba lifutike."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja kwa miaka. Alikuwa na kikombe mkononi, chai ilikuwa na tangawizi, na angeweza kuinywa yote.

Ndipo Shamimu alipouliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Ulijua lini, dada yangu?"

Esperansi anasema aliwaza kujibu kwamba ni Jumapili. Aliwaza kusema alitambua kanisani, wakati wa sala. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Ijumaa," alisema. "Saa mbili asubuhi."

Shamimu aligusa bandeji, si kwa kuonyesha, ni kama aliwashwa. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe kutoka kwa mgeni wake, kikiwa bado kimejaa, akaingia nacho ndani. Yahaya alisimama, Esperansi naye akasimama. Yahaya alimsindikiza hadi mlangoni, akasema kwa heri, akaufunga mlango polepole hadi komeo likaingia.

"Heri angeubamiza ule mlango!" alitufokea Esperansi pale barazani. "Angenitukana, angeniita mkimbizi, mwanga, chochote! Nilikuwa na majibu yote. Nimetembea kutoka kule hadi hapa nikiwa na majibu, na sina wa kumpa."